Kinini cha Fundi Nafisa

Bibi arusi mmoja wa kijiji cha Kizuka aliolewa na gauni la mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeshakatwa na kupigwa pasi, uko juu ya meza ya fundi Nafisa. Nafisa mwenyewe alikuwa ametoka kununua uzi, akapita kwenye ugomvi wa wauza samaki wa mukeke, akaona mtumbwi unapakwa rangi, akaombwa ushauri juu ya rangi hiyo, akautoa. Aliporudi dukani, arusi ilishaanza. Wageni wenye adabu walisema ndio mtindo mpya wa Bujumbura. Wasio na adabu walimpa fundi jina: Mama Nusu.

Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, na hakuna fundi aliyemshinda katika mtaa wa Waswahili wa mji wa Rumonge, Burundi. Hilo ndilo lililowaudhi watu. Asiyejua kazi husamehewa. Anayeijua asiimalize huitwa mvivu. Nafisa naye aliamini hivyo. Aliomba dua, alifunga, hata siku moja alijifunga kwenye kiti kwa utepe wa kupimia. Mteja alipobisha hodi, akaenda kumpokea na kiti kikiwa nyuma.

Baada ya arusi ile alikwenda Bujumbura kwa daktari wa magonjwa ya akili, mama mmoja aitwaye Clotilda. Daktari alimuuliza maswali mengi, kisha akamwambia arudi na mtu aliyemjua utotoni. Nafisa akampeleka shangazi yake Mariyamu, aliyemlea.

Shangazi alitoa ushahidi saa nzima, uso ukimng'aa.

"Docteur, huyu mutoto nilimutuma chumvi, akarudi na paka. Nilimuweka alinde ndagala za kukausha kwenye muchanga, kunguru wakakula zote. Yeye iko pale, anahesabu kunguru!"

Clotilda aliandika yote. "Murakoze, mama. Umenisaidia sana. Huu ni ugonjwa, iko na jina: upungufu wa umakini. Si uvivu, na dawa iko."

Shangazi akanuna. "Ugonjwa gani? Kwani sijakueleza vizuri?"

Dawa yenyewe ilikuwa kinini, kidonge kimoja cheupe kila asubuhi. Siku ya kwanza Nafisa alikaa kwenye cherehani akingoja ajabu, na ajabu haikuja. Redio ya jirani ililia vilevile, pikipiki zilipita vilevile. Ila sauti hizo hazikuwa zinamwita yeye. Alipoinua kichwa, sketi tatu zilikuwa zimekwisha, pindo na vifungo. Alilia kidogo, na si kwa furaha peke yake. Alikuwa anaifikiria ile miaka yote ya kuitwa mvivu.

Mtaa ulimjadili bila kumwalika. Hadji, jirani yake muuza mawese, alikuja kumnasihi kwamba vinini vya kichwa ni vya watu wa imani haba. Katikati ya nasaha akatoa mfukoni kinini cha presha, cha sukari na cha tumbo, akavimeza vyote kwa chai ya Nafisa, akaendelea.

Shangazi ndiye aliyekwenda mbali zaidi. Ijumaa moja wanawake wa kikundi cha mtaa walijaa dukani kupimwa sare za arusi nyingine, na mmoja akauliza kuhusu dawa. "Hii ni sukari tu," shangazi alisema, "wanauzia wajinga." Akafungua chupa, akameza vitatu kabla Nafisa hajaweka mkasi chini.

Haikupita saa akaanza kufagia. Alifagia duka, akafagia mbele ya duka, akafika kwa Hadji na kumfagia miguu akiwa amekaa. Alirudi akapanga vifungo vyote kwa rangi, akavivuruga, akavipanga kwa ukubwa. Mdomo nao haukupumzika: alisimulia habari za kila mwanamke aliyekuwamo, pamoja na wale waliodhani habari zao hazijulikani. Wawili waliondoka bila kupimwa. Mwishowe akashika kifua. "Nafisa, moyo unakimbia!"

Nafisa alimkimbiza kituo cha afya kwa pikipiki. Muuguzi aliyewapokea, Modeste, alimuuliza mgonjwa amemeza nini.

"Dawa ya mutoto ya kaka yangu."

"Wewe unaumwa nini?"

"Siumwi kitu. Nilikuwa naonyesha watu kama hii si dawa, ni sukari tu."

Modeste alimtazama. "Basi umeonyesha," akasema, akamlaza mpaka mapigo yalipotulia.

Siku hiyo ndipo mtaa ulipoamini kuwa ni dawa kweli. Daktari aliyesoma miaka mingi hakuwatosha. Shangazi mwenye ufagio aliwatosha.

Lakini dawa ilipatikana Bujumbura tu, na wiki hizo magari yalikuwa hayana mafuta. Chupa ikaisha siku tatu kabla ya randevu ya daktari, na sare kumi na mbili zilikuwa bado vipande. Hapo Nafisa, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuomba radhi, alikasirika.

"Shangazi, siku zangu tatu ziko tumboni mwako. Keti hapa. Nikisimama, unirudishe."

Shangazi akaketi. Siku ya kwanza, kabla ya adhuhuri, Nafisa alisimama mara kumi na tano na sindano mkononi, kila mara kwa sababu iliyoonekana ya kweli. Kila mara alishtuka kujikuta mlangoni. "Nafisa, kaa," shangazi alisema, mwanzoni kwa ukali, baadaye taratibu. Siku ya pili alimwona akiinuka tena, mshono ukiwa katikati.

"Kumbe haufanyaka makusudi," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa lawama zake zote.

Nafisa akarudi kwenye kiti, akaendelea kushona.

Sare kumi na moja zilitoka kwa wakati. Ya kumi na mbili ilimaliziwa ikiwa mwilini mwa mwenyewe, gari la arusi likipiga honi.

Sasa Nafisa anaendelea na kinini chake. Kinamkata hamu, chakula cha mchana hakipiti kooni, amekonda, na mtaa umeshamtungia ugonjwa mwingine. Bado huchelewa mara mojamoja. Juzi Kaoutar, mteja wake wa zamani, alilalamika akiwa amesimama apimwe.

"Siku hizi hauna stori, Nafisa. Zamani ulikuwa unatuchekesha."

"Zamani, dada, blauzi moja ulikuwa unaifuatilia mara sita. Ilibidi nikupe kitu cha kurudi nacho nyumbani."

Nafisa akamwomba ageuke, ampime mgongo.