Neno Moja Kwenye Folda ya Msingi

Nyumbani walimwita Daktari Kesho. Jina alilibuni mdogo wake, likaganda, maana kila mgeni aliyeuliza anahitimu lini hiyo shahada ya uzamivu alijibiwa na familia nzima kwa pamoja: kesho! Wenzake aliosoma nao walishajenga, walishazaa, wengine walishaachana na kuoana upya. Yeye yuko chumba kile kile cha chuo, chini ya feni inayolia, anatengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ambayo mama yake aliwahi kuuliza kama kuna hata mtu mmoja anayeizungumza.

Jamani, binti hakuwa mvivu. Kazi yenyewe ilikuwa inamla. Yeye na profesa wake walitaka programu isiingie kwenye mashine mpaka ithibitishwe, mstari kwa mstari, kwamba haiwezi kumdhuru mtu. Anayethibitisha ni kikaguzi, programu nyingine yenye ubishi kuliko shangazi kwenye kikao cha familia. Ukikwama, unaruhusiwa kuandika neno moja: niamini. Kikaguzi kinakupisha, unaendelea na kazi, kisha unarudi kulifuta neno hilo na kuweka uthibitisho wa kweli. Mwishoni kikaguzi kinahesabu niamini zilizobaki, na hesabu lazima iwe sifuri.

Ilikuwa sifuri. Programu yao ya kuendesha pampu ya dripu ilishapita, na Jumatatu hospitali ingeanza kuitumia kwenye wadi ya watoto. Jumatano yake angesimama mbele ya jopo kuitetea tasnifu, amalize, alale. Baba yake, ambaye siku hizi moyo haumpi raha, alishashona suti ya mahafali tangu mwaka juzi. Inaning'inia kabatini ndani ya mfuko wake, na ole wake atakayeigusa.

Ijumaa mchana, amechoka chakari, alikuwa anafuta takataka za zamani kwenye kompyuta alipokutana na amri moja iliyosahaulika. Kumbe kikaguzi kilikuwa kimeambiwa kiiruke folda ya msingi, ile ambayo programu nzima inaitegemea, kwa sababu kuikagua kulikula asubuhi nzima na wenzao wa ofisini walichoka kusubiri. Ofisi nzima iliijua amri ile wakati inawekwa. Ofisi nzima iliisahau. Akaifungua folda. Ndani mlikuwa na niamini moja, na aliyeiandika ni profesa mwenyewe.

Akalifuta neno, akakiamuru kikaguzi kisiruke kitu, akaenda kusubiri na chai ambayo hata hakuionja. Aliporudi jioni, kioo kilikuwa chekundu: kikaguzi kimekataa. Nesi akiisimamisha pampu kisha akaiwasha tena, pampu inasahau dawa iliyokwisha kuingia. Inaanza upya, kana kwamba mtoto hajapewa kitu.

Alimpelekea profesa kompyuta bila hata kubisha hodi. Mzee alisoma, akarudia kusoma, akavua miwani.

"Niliandika nikijua nitarudi," alisema. "Sikurudi."

Palepale akaipigia simu hospitali, akawaambia Jumatatu wasiiwashe, kosa ni lake. Alipokata simu alionekana amezeeka ghafla.

"Wewe tetea tu Jumatano," alimwambia. "Jopo halitaifungua folda hiyo. Marekebisho utayafanya ukishahitimu. Watu wanafanya hivyo."

Alitamani, tena alitamani sana! Alikuwa amechoka mpaka kwenye mifupa.

"Prof, ukurasa wa kwanza nimeandika hesabu ni sifuri. Nikisimama pale nikausoma, si na mimi nitakuwa nimeandika niamini?"

Profesa alivaa miwani yake, akaanza kuliandikia jopo kwamba Jumatano imeahirishwa.

Nje, kwenye ngazi, binti akampigia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Hiyo Jumatano tufike saa ngapi? Nisije nikachelewa na suti yangu."

"Jumatano haipo tena, baba. Tumekuta kosa. Lingeweza kuua mtoto."

"Limeshaua?"

"Hapana. Tumewahi."

"Mungu mkubwa. Sasa lini?"

"Mwakani. Labda."

Alisubiri utani. Alisubiri asikie kesho, wacheke, yaishe. Baba hakusema kesho. Alimsikia tu anavyovuta pumzi, fupi fupi. Alitaka kumwambia, baba, niamini, mwakani ni kweli, lakini neno lenyewe akashindwa kulitoa.

"Mwakani ni mbali, mama," baba alisema mwishowe, kwa upole. "Wewe njoo Jumapili. Uje unisimulie hilo kosa umelikamataje."

"Nitakuja, baba."

Kabla simu haijakatika, alimsikia baba akimwita mkewe, amtolee ile suti kwenye mfuko, ainyooshe, ataivaa Jumapili.