Miguu ya Nonong Salvatierra

Mjomba Budoy wa mtaani kwetu Jaro alikuwa akikaanga samaki wakavu asubuhi, akaweka kwenye redio CD aliyoinunua jana yake sokoni, mkusanyo wa nyimbo zote za Nonong Salvatierra zilizowahi kuvuma. Ilipofika kwenye wimbo wa mvua, jirani yake Lola Sepa, yaani Bibi Sepa kwa lugha yetu, aliinuka kutoka kwenye kiti cha magurudumu, akacheza mpaka jikoni na kujimiminia kahawa. Hakuwa ametembea tangu kiharusi kilipomwangusha. Ubeti wa pili ulipoanza miguu ilisimama, na Merlinda, mke wa mwanawe, akamsogezea kiti akimwambia aangalie asimwage kahawa.

Nonong alikuwa mtu wa kila kitu jukwaani. Aliimba, alichekesha, alipiga kodiani, alirusha sahani na kuzidaka. Magazeti yalisema pia kwamba hakuna amfikiaye kwa ile dansi ya kugonga viatu vya chuma, na hapo magazeti yalidanganywa. Nonong alikuwa na miguu mizito kama mtu anayevuka tope. Alivaa viatu vya mpira na kurukaruka mbele ya watu, na nyuma ya pazia Sepa huyu huyu, enzi hizo msichana mwembamba wa Jaro, aligonga ubao kwa viatu ambavyo mumewe Ponso, fundi viatu, alivipigilia vyuma. Studioni nako kulikuwa hivyohivyo, ila huko aliambiwa pia asikohoe. Jina lake halikuandikwa popote, maana mtu wa kila kitu hawezi kuwa na mwenzake.

Basi sasa kila wimbo wa mvua ulipopigwa, popote nchini, miguu ya Lola Sepa ilicheza kile kipande chake cha katikati. Hata akiwa pekupeku kwenye matope, ilisikika kama chuma juu ya ubao. Daktari alisema ni ile CD, akashauri isikilizwe asubuhi na jioni. Padri alizoea kunyamaza katikati ya mahubiri pale mtu fulani huko Davao alipokuwa akijiburudisha kwa wimbo huo na miguu ya Lola Sepa ikigonga kanisani, kisha akaendelea dansi ilipokwisha.

Lola Sepa alitaka kitu kimoja. Ponso alikufa yeye akiwa bado hospitalini, na siku ya mazishi kiti chake hakikupenya kati ya makaburi, akaachwa getini akisikia nyimbo kwa mbali. Kaburi la mumewe hakuwahi kuliona. Wanawe walitaka kumbeba kila Sikukuu ya Watakatifu, siku ya kuzuru makaburi, naye kila mwaka akawafukuza.

"Mimi si gunia la mchele," alisema. "Nitakwenda kwa Ponso kwa miguu yangu, au siendi."

Wiki moja kabla ya sikukuu, Nonong alihojiwa redioni kuhusu CD yake. Mtangazaji akamuuliza hatua zile alijifunza wapi.

"Ah, mwanangu," alisema Nonong, "nilizaliwa nazo."

Wakaupiga wimbo, na Lola Sepa akacheza jikoni kuzunguka meza.

"Kazaliwa nazo!" Merlinda alitupa mwiko. "Mwizi mkubwa! Nawapigia simu sasa hivi."

Alipiga kweli. Mtangazaji alimsikiliza kwa adabu, akasema kwenye jalada la CD kuna jina moja tu, akamshukuru kwa kuwasikiliza.

"Mwache," alisema Lola Sepa akiwa amesimama, mkono kwenye friji. "Imeniuma, usidhani haijaniuma. Lakini asingetoa CD hii, ningekuwa nimekaa pale pale nikihesabu mijusi."

Siku ya Watakatifu polisi huwanyang'anya watu redio kwenye geti la makaburi, pamoja na visu na pombe. Kwa hiyo Mjomba Budoy alibaki nyumbani kuurudia wimbo, akaahidi kuwaona wazazi wake makaburini jioni. Mwendo ulikuwa wa vipande. Kwenye dansi Lola Sepa alisonga mbele, kwenye beti alisimama na kuegemea kaburi lililo karibu, na nyuma yake foleni ya watu wenye mishumaa na wali uliofungwa kwa majani ikasimama naye.

"Lola, songa basi, mishumaa inaisha!" mtu alipiga kelele.

"Subiri Nonong amalize kuimba!" akajibu Merlinda. "Una haraka gani? Wako wamekwisha kufa!"

Foleni nzima ilicheka, na Lola Sepa akacheka zaidi ya wote.

Walipobakiza kona moja, miguu ilisimama na haikuanza tena. Merlinda alimpigia Budoy, naye akasema umeme umekatika Jaro nzima, karibu alie. Lola Sepa alishika msalaba wa wageni asiowajua. Mwanawe alinyoosha mikono ambebe. Mama yake alimtazama tu, naye akaishusha.

Kisha miguu ilianza. Kulikuwa na mtu mahali fulani, hatujamjua hata leo, aliyeuweka wimbo wa mvua kwa sababu zake mwenyewe. Mungu ambariki popote alipo. Lola Sepa alipita kona akigonga udongo mkavu, na dansi ilipokwisha kiganja chake kilikuwa juu ya jina la Ponso. Alilisoma herufi kwa herufi, akalia kwa furaha bila kujificha.

Mzee mmoja aliyekuwa akifagia kaburi la jirani aliinua kichwa.

"Hatua hizo nazijua," alisema. "Za Nonong Salvatierra! Ujana wangu wote ule! Mungu amlinde yule bwana na miguu yake."

Merlinda alifungua kinywa.

"Amina," alisema Lola Sepa, na alisema kwa moyo wake wote.