Mguno wa Wimbo wa Nne

Mimi ni fundi cherehani, muziki siujui. Lakini gazeti likisema uongo kuhusu mdomo wangu, ninyamaze?

Mdogo wangu, ambaye nyumbani tunamwita Kimya, alirekodi albamu chumbani kwake: yeye, gitaa, na godoro alilolisimamisha dirishani kuzuia kelele. Nyimbo zote za kujichungulia rohoni. Mimi nilikuwa chumba cha pili na suruali ya mteja, cherehani nimekatazwa kuikanyaga. Haya, nikapinda kwa mkono.

Alipofika wimbo wa nne akaimba, "Baba alipoondoka, sikudondosha chozi." Loo! Huyu huyu? Aliyelilowesha bega la gauni langu wiki nzima, nusura liote ukungu? Ikanitoka: "Mh!"

Ukuta wetu ni wa mbao tu. Ikaingia kwenye rekodi, na Kimya hakuisikia mpaka albamu ilipokwisha kutoka.

Mkosoaji wa gazeti akaisifu mpaka akapitiliza. "Gitaa linanong'ona," aliandika, "na sauti haina makeke. Lakini kilele ni ule mguno wa wimbo wa nne: nafsi ya msanii inamkatalia msanii mwenyewe. Ubunifu ulioje!"

"Nafsi gani?" nikamuuliza Kimya. "Hiyo si mimi?"

"Dada, shusha sauti. Jumamosi naimba ukumbini, na mkosoaji anakuja. Watu wanausubiri huo mguno. Nimejaribu kuguna mwenyewe, natoa sauti ya mtu aliyepaliwa. Nisaidie. Nikiaibika Jumamosi, gitaa naliuza."

Hakuwa anatania, na roho iliniuma. Damu nzito kuliko maji, nikakubali.

Basi nikawa naguna kutwa, wateja wakidhani nawasema. Nikampa "mh" ya kushangaa, "mh" ya dharau, "mh" ya jirani aliyeonja umbea. Kimya akazikataa zote.

"Siyo hiyo, dada. Ile ya kweli."

"Ya kweli inataka uongo kwanza," nikamjibu, maana nilishachoka naye.

Akachukua gitaa lake, akajifungia chumbani.

Jumamosi mchana ukumbi ulifurika. Mkosoaji alikuwa kiti cha mbele, kakunja nne. Mimi nyuma ya pazia, kipaza sauti mkononi. Wimbo wa nne ukafika, watu wakatega masikio, nikavuta pumzi.

Kimya akageukia pazia, akaimba: "Baba alipoondoka nililia, dada yangu. Nililia begani kwako, na wewe je, ulilia begani kwa nani?"

Nikatafuta mguno, wapi! Kilichotoka ni kwikwi za kilio, moja baada ya nyingine, na kipaza sauti sikukumbuka kukizima.

Gazeti lilipotoka, Kimya alinisomea kwa sauti, kakaa kwenye kiti cha wateja, gitaa mapajani: "Onyesho lilipwaya. Mguno maarufu umeondolewa, na nyuma ya jukwaa kuna mtu mwenye mafua."

Lipwaye! Analijua vazi linalopwaya, yule? Lakini nikamwangalia mdogo wangu kwa hofu.

Akalikunja gazeti taratibu. "Basi, dada," akasema, vidole vyake vikizichezea nyuzi, "gitaa naliuza."

"Mh!"

Akaruka kitini. "Hiyo! Hiyo hiyo!"