Hatua Themanini

Kwa siku ya nne mfululizo yule mwalimu wa hesabu alikuwa hakai wala hatulii. Wanafunzi wake walimwita Desimali, kwa kuwa hakuwahi kusamehe nukta iliyokaa pasipo pake, na jina hilo lilikuwa limeruka ukuta wa shule likaingia hadi nyumbani kwao, ambako hata shangazi yake alilitumia anapotaka kumchokoza. Shule zilikuwa zimefungwa. Angeweza kulala mpaka jua liwe juu, lakini kila kulipokucha alikuwa ameshafagia uwanja, ameshapanga upya kabati la vyombo, na ameshasahihisha mitihani ambayo hakuna aliyeihitaji kabla ya mwezi ujao. Kilichomnyima raha kilikuwa karatasi moja yenye mhuri wa ofisi ya wanyamapori: ruhusa ya kuwinda paa wawili, madume tu, ndani ya siku kumi na nne. Siku ya nne ilikuwa imeingia na yeye hajachagua hata risasi.

Ruhusa ilitolewa kwa ajili ya shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na kitalu cha miche ya michungwa na milimau pembeni mwa msitu. Paa walikuwa wakivuka kijito asubuhi na mapema, wakala vichipukizi vya miche iliyobebeshwa karibuni, yaani iliyoungwa vikonyo vya miti bora, wakarudi zao. Katika wiki moja walimaliza miche mia mbili kasoro kidogo. Shangazi alisema hao si paa, ni mabwana shamba, maana hawakugusa mche mbovu hata mmoja.

Zamani kazi hiyo ingekuwa ya baba. Alikuwa mwindaji mwenye kibali kwa miaka mingi, na Desimali alijifunza kushika bunduki kwake tangu akiwa msichana. Lakini miezi minane iliyopita baba alipata kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na bunduki zake mbili zilizokuwa kwenye kabati la chuma zikahamishiwa kwenye jina la binti. Moja ilikuwa kubwa, aliyokuwa akiwindia wanyama wakubwa. Ya pili ilikuwa ndogo na nyepesi.

Asubuhi hiyo ya nne alikata shauri kwenda kwenye duka la silaha. Mwenye duka, mtu mnene mwenye sauti ya upole, alimfahamu tangu alipokuwa akija ameshikwa mkono na baba yake. Alimsikiliza, kisha akasimamisha risasi tatu juu ya kaunta kama mtu anayepanga chupa za dawa.

Ya kwanza ilikuwa ya bunduki kubwa. Hiyo, alieleza, itamlaza paa bila ubishi, lakini bega zima litakuwa halifai kuliwa. Ya pili ilikuwa ya bunduki ndogo, yenye kichwa chepesi cha gramu mbili na nusu. Ilikwenda kasi ajabu, ila ilitengenezwa kwa vinyama vya ukubwa wa sungura. Ikikutana na mfupa hupasuka vipande kabla haijafika ndani. Ya tatu iliingia kwenye bunduki ile ile ndogo, ila kichwa chake kilikaribia gramu nne na ncha yake ilikuwa laini. Haikuwa na mbio sana, lakini ilipenya na kutanuka taratibu. Yeye angechukua hiyo. Hata hivyo kila bunduki ina mdomo wake, akasema, kwa hiyo ajaribu kwanza kwenye karatasi.

“Ni mbili nukta sita,” Desimali alisema.

“Nini?”

“Hiyo nyepesi. Si mbili na nusu.”

Mtu mwingine angeishia hapo, akachukua ya tatu akaenda zake. Yeye alibaki pale karibu saa nzima. Aliuliza ikigonga bega itakuwaje, upepo ukivuma wa ubavuni itakuwaje, mnyama akiwa mbali zaidi itakuwaje. Mwishowe, akiwa amekwisha kununua pakiti ya kila aina na kufika mlangoni, aligeuka akauliza ikipata tumbo itakuwaje.

Mwenye duka alitikisa kichwa. “Mwalimu, ukipiga tumbo, hata nikikupa mzinga wa jeshi utamtafuta huyo mnyama mpaka jioni.”

Swali hilo lilikuwa na historia yake. Mwaka uliopita, kabla baba hajaugua, ndipo kwa mara ya kwanza alipomwachia aende peke yake. Alimpiga paa ng'ambo ya kijito kwa ile risasi nyepesi. Paa alikunja mgongo, akatokomea kwenye matete. Desimali alifuata matone ya damu kwa muda, mvua ikashuka, matone yakafutika, naye akarudi nyumbani akasema amekosa. Baba alicheka, akamwambia hata yeye alikosa sana ujanani, na jioni hiyo hiyo akawasimulia majirani jinsi binti yake alivyokwenda msituni peke yake na kurudi bila woga. Tangu hapo Desimali alikuwa na daftari lililojaa majedwali ya uzito, mwendo na umbali. Alichotaka majedwali hayo yamwambie ni kitu kimoja tu, kwamba kosa lilikuwa la risasi.

Siku ya tano walikwenda watatu kwenye machimbo ya kokoto yaliyokuwa yameachwa. Shangazi aliendesha pikapu yake, baba akakaa kwenye kiti kivulini, fimbo katikati ya magoti. Kwa shabaha Desimali alitumia migongo ya karatasi za mtihani wa zamani, akizibandika kwenye ubao chini ya ukuta wa mawe. Shangazi aligeuza moja kuangalia alama.

“Maskini huyu,” alisema, “alipata kumi na mbili kwa mia, na leo anatobolewa tena.”

Alianza na bunduki kubwa. Ilimpiga begani akahisi meno yanagongana, na matundu yalikaa mbalimbali, moja karibu litoke nje ya karatasi. Baba, ambaye siku hizo maneno yalimtoka kwa kujikokota, alisema kutoka kivulini kwamba anafumba macho kabla ya kufyatua. Ilikuwa kweli, na bunduki kubwa ikarudi kwenye mfuko wake.

Akaja kwenye ile ndogo. Kwa hatua themanini, risasi nyepesi zilitoboa mahali pamoja pa kufunikwa na kikombe. Zile nzito zilihitaji kisahani. Kifua cha paa kilizitosha zote mbili, lakini Desimali alitoa rula, akapima kutoka tundu hadi tundu, akaandika, akabandika karatasi nyingine, akapiga tena. Kisahani kilikuwa kile kile. Akapima tena. Jasho lilimtiririka hadi kidevuni na hakujisumbua kulifuta. Alipokwenda kubandika karatasi ya sita, baba alimwita.

“Mama, njoo hapa. Unamtafuta nani kwenye hizo karatasi?”

Alijibu kwamba anataka uhakika tu. Baba alinyoosha mkono wake wa kushoto, akamnyang'anya rula. Desimali alichuchumaa mbele ya kiti. Alipiga moyo konde.

“Mwaka jana sikukosa, baba. Nilimpiga. Akaingia kwenye matete, nikamwacha.”

Shangazi, aliyekuwa akikunja turubai, aliliweka chini.

“Alifanya nini ulipompiga?” baba aliuliza.

“Alikunja mgongo. Akaondoka polepole, kichwa chini.”

“Hilo ni tumbo. Umbali?”

“Hatua mia moja sitini na tatu.”

“Amesimama?”

“Anatembea.”

Baba alivuta pumzi kwa shida.

“Risasi haikukosea. Ilikwenda ulikoipeleka.” Alipumzika, akameza mate. “Kukosea si neno. Lakini ungeniambia. Mwaka jana nilikuwa na miguu. Tungeingia kwenye yale matete wote wawili.”

Njia nzima alitazama nje ya dirisha la pikapu, na walipofika aliomba apelekwe chumbani moja kwa moja. Shangazi alijaribu kutia mzaha kuhusu chakula, mzaha ukafia mezani. Desimali aliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Kesho yake baba alimwita. Alikuwa ameketi kitandani, na kwenye mkono wake wa kushoto alishika ile risasi ya kichwa kizito, akiiviringisha kwa kidole gumba. Alisema achukue hiyo, kwa sababu hata mkono ukikosea kidogo ikagonga bega, itafika ndani. Kisha akaweka masharti yake: mnyama awe amesimama, awe amempa ubavu, na asizidi hatua themanini.

“Akiwa kwenye hatua ya themanini na moja?” Desimali aliuliza.

“Mwache aende akale milimau ya shangazi yako.”

Hakutabasamu, lakini alimkabidhi risasi.

Desimali alianza kukaa kwenye kibanda cha zana cha shangazi kuanzia alfajiri, juu ya kreti lililofudikizwa, mtutu ukitokeza kwenye mwanya wa mbao. Kukaa huko ndiko kulikomtesa. Miguu ilimwasha, kichwa kilikwenda kwenye majedwali na kurudi, kila jani lililotikisika lilimrusha roho. Siku ya saba alikuja jike na mtoto wake, wakala, wakaondoka. Siku ya nane dume alisimama ng'ambo ya kijito, kichwa juu, ubavu wote wazi. Desimali alikuwa amekwisha kuweka alama ya umbali: kigingi chenye kitambaa cheupe kwenye hatua ya themanini. Dume alikuwa nyuma ya kigingi, mbali kidogo. Kidole kilimwasha. Alikitoa kwenye kifyatulio, akakishika kwa mkono wa pili kama mtu anayemzuia mtoto mtundu, mpaka paa akageuka na kuondoka. Siku ya tisa na ya kumi hakuja mnyama yeyote.

Siku ya kumi na moja, jua likiwa ndio kwanza linapanda, dume alitokea upande wa huku wa kigingi, akasimama nyuma ya mche wa mlimau. Alisogea hatua moja. Nyingine. Akainama kula, ubavu wazi. Desimali alitoa pumzi nusu na kufyatua.

Paa aliruka mara moja mbele, akakimbia hatua chache, akaanguka. Desimali hakutoka mbio. Alihesabu hadi mia tatu, kama alivyofundishwa, kisha akatoa risasi zilizobaki kwenye bunduki na kutoka. Alipomfikia, mnyama alikuwa ametulia kabisa. Risasi ilipita mapafuni, na nyama iliyoharibika haikuzidi kiganja.

Alimpigia baba simu akiwa amepiga magoti pale pale.

“Nimempata. Hatua sitini na moja.”

“Umemshika?”

“Mkono wangu uko juu yake.”

Alisikia baba akihema. “Haya,” alisema. “Mlete nyumbani.”

Alikuwa ametarajia kwamba baada ya hapo moyo utashuka mahali pake. Haukushuka. Mchana, nyama ikiwa imekwisha kukatwakatwa, alivuka kijito akatembea kandokando ya matete, toka mwanzo hadi mwisho, akijua wazi kwamba baada ya mwaka mzima hakuna cha kuonekana. Alirudi na matope hadi magotini. Shangazi alimletea ndoo ya maji.

Siku tatu zilibaki kwenye ruhusa, na paa mmoja. Desimali aliifunga bunduki kabatini akamwambia shangazi kwamba wengine watakuja tu, mwezi ujao na mwaka ujao, na kwamba kitalu kinahitaji wavu. Shangazi alilalamika kuhusu vigingi, kuhusu mgongo wake, kuhusu walimu wanaodhani kila kitu ni jometri. Kisha akaenda kutafuta nyundo.

Baba aliomba apelekwe naye. Walimweka kwenye kiti chake mwisho wa safu ya kwanza ya michungwa, na kutoka hapo akawa anawapigia kelele kwamba kigingi cha tatu kimeinama. Desimali alifunga jicho moja kukitazama. Kilikuwa kimeinama kweli. Akaking'oa, akaanza kuchimba upya.