Ile 396 ya Velma

Velma alikuwa amepata 396 mara nne tangu asubuhi, na kila mara kitabu kilimwambia jibu ni 227.

Alikuwa amekalia tairi kuukuu mbele ya kibanda changu hapa Kedowa, daftari kwa magoti, kalkuleta mkononi. Velma ni mdogo wangu. Anasomea mambo ya mitambo chuo cha ufundi, na alikuwa ameanguka somo moja, lile la joto na gesi. Jumatatu ilikuwa mtihani wa kurudia. Kiwanda kimoja cha majani chai huko Boito kilikuwa kimemwekea nafasi kwa boila, lakini barua ilisema wazi: bila hilo somo, nafasi inapewa mtu mwingine.

Mimi niliishia darasa la nane. Kazi yangu ni kuziba pancha na kuweka upepo, mwaka wa sita sasa. Nilikuwa nabandua tairi ya bodaboda huku namwangalia, na nikaona kitu. Mtu anayekosea hesabu hupata majibu tofauti tofauti. Anayerudia kosa moja mara nne, kuna kitu anakiamini.

"Nisomee hilo swali," nikamwambia.

"Dada, hii si pancha."

"Najua. Nisomee."

Akasoma akivuta maneno. Gesi imefungiwa ndani ya silinda yenye pistoni. Joto lake ni 300 kwa kipimo cha Kelvin. Inapanuka kwa haraka, inasukuma pistoni mpaka nafasi yake inakuwa mara mbili. Hakuna joto linaloingia wala kutoka. Sasa joto la gesi ni ngapi?

"Hiyo ni gesi gani?"

"Wanaiita gesi kamilifu. Ni ya karatasi tu, haina matata. Lakini hata huu upepo wako unaikaribia."

"Na hiyo 300 unaifanyia nini?"

"Fomula inanipa 1.32. Nazidisha."

"Kwa nini usigawanye?"

Akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini anavaa viatu miguuni. "Kitu kikipanuka ni kwa sababu kimepata moto. Si tumekulia kwa boila sisi?"

Hapo nikajua. Baba yetu, mzee Nyamweya, alitia kuni kwa boila ya kiwanda cha chai mpaka akastaafu. Tulizaliwa kwa laini za nyumba za wafanyakazi, nyuma ya ukuta wa hiyo boila, na nguo zetu za shule zilianikwa hapo. Kwetu mvuke ukipanuka, wewe unarudi nyuma usiungue. Lakini kule chini yake kuna moto unakula kuni. Kwa swali la Velma hakuna mtu anatia kuni.

Sikumwambia. Lori ya majani ilikuwa imesimama, na dereva, Kipkemoi, alikuwa anashuka.

"Mama Pancha, punguza upepo wa tairi ya mbele. Imejaa sana, inaruka kama mbuzi." Akamwona Velma. "Umeandika msaidizi?"

"Huyo ni injinia."

"Injinia gani anaogopa kuchafua kidole?"

Velma akainuka kwa hasira, jambo nililokuwa nalitaka. Nikamshikisha tairi kwanza. Ilikuwa imetoka barabarani, ina moto wa kutosha kukausha soksi. Halafu nikamwambia abonyeze valvu, kidole kiwe mbele ya upepo. Ukatoka kwa nguvu. Akarudisha mkono.

"Ni baridi."

"Tairi ni moto, upepo unatoka baridi. Nani ameupoza?"

"Ni hii baridi ya Kedowa," Kipkemoi akajibu kwa niaba yake.

"Na kule Soin, na lile jua lote? Ukipunguza tairi kule upepo unatokaje?"

Akafikiria, akakuna kidevu. "Baridi vilevile."

Velma alikuwa ameacha kutusikiliza. Alibonyeza tena, kidogo. "Unasukuma," akasema polepole. "Kusukuma ni kazi, na hakuna mtu anaupa joto. Unatumia lake." Akarudi kwa daftari, akagawanya. Akapata 227.

Aliandika juu ya ukurasa, kwa herufi kubwa, GAWANYA. Nikapitisha kidole changu cha grisi hapo juu.

"Mbona unaniharibia?"

"Ukikariri hilo neno, watakuuliza lingine."

Nikawasha kompresa, nikaiacha ijaze mtungi, nikamwambia aguse kichwa cha hiyo mashine, lakini kwa tahadhari. Hakumaliza hata sekunde.

"Hapa upepo unafanywa nini?"

"Unabanwa." Alikuwa anapuliza vidole. "Na anayebana ndiye anautia moto."

"Basi kabla hujashika kalkuleta, andika pembeni: juu ama chini. Hesabu ije baadaye."

Tulifanya maswali kumi na moja mpaka mvua ikaja. Moja lilisema gesi inapanuka polepole, joto lake linabaki palepale. Hilo alinieleza yeye, bila kuulizwa: ni kama tairi iliyochomwa na mwiba, inayochukua siku tatu kuisha. Upepo wake unapata muda wa kuchukua joto la nje.

Jumatatu jioni alikuja moja kwa moja kutoka mtihani, viatu vimejaa matope. Akakalia tairi yake.

"Waligeuza," akasema. "Gesi ya 300, imebanwa haraka mpaka nusu. Mkono ulikuwa umeshaanza kugawanya, dada. Nikakumbuka kile kichwa cha kompresa. Nikaandika pembeni 'juu', nikazidisha."

"Ukapata?"

"396."

Tulicheka mpaka muuza mahindi wa ng'ambo ya barabara akauliza kuna nini.

"Ile 396 ilikuwa inatafuta swali lake," nikamwambia Velma.

Wiki ya tatu matokeo yalitoka. Alipita, na si kwa kuchechemea. Kipkemoi alimbebea sanduku mpaka Boito, na njia nzima, Velma aliniambia, alikuwa anamwita injinia bila utani.

Daftari, kitabu na kalkuleta aliniachia, nilimwomba. Niko swali la kumi na tisa. Kalkuleta bado sijaigusa, lakini pembeni nimeshaandika: chini.