Mnazi Uliokwenda Kutoa Ushahidi

Asubuhi ya Jumatano Usi alikuwa juu ya mkarafuu, pakacha limening'inia tawini, akichuma kama wenzake. Chini ya mti mamaake, Bi Mashavu, alikaa kitako mkekani na wanawake wengine, wakichambua karafuu na kutupa makonyo upande. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, karafuu zimezaa sana, na shamba la Bwana Muhiddin, nyuma ya Kizimbani, limejaa watu.

"Usi!" aliita Matar, nokoa, msimamizi wa shamba, kutoka barazani kwake.

"Naam!" Usi akaitika, akashuka.

Matar alikuwa na mgeni kutoka mjini, na mgeni ana kiu. Mkwezi wa shamba alikuwa amekwenda harusini Donge.

"Mwanangu, hebu tuangulie dafu," Matar alimwambia.

Usi hakuwa mkwezi. Mkarafuu una matawi ya kushika. Mnazi hauna kitu ila vidato vilivyochongwa kwa panga, na siku hiyo vidato vilikuwa na maji ya mvua. Alipanda hivyo hivyo. Dafu la kwanza lilifika chini salama, mgeni akalinywa, akasema ni tamu. Usi akaanguka pamoja na la pili. Alikufa kabla hajafikishwa barazani.

Matar alilia kama mfiwa. Sanda alinunua yeye, mchele wa hitima alileta yeye, na kaburini akaingia mwenyewe kumpokea maiti. Hakuna aliyemsema vibaya, hata Bi Mashavu.

Hitima ilipokwisha, mnazi ulijing'oa. Uliinuka polepole kama mzee anayenyanyuka kitini, ukakung'uta udongo mizizini, ukashika njia ya mjini. Bi Mwanakheir, jirani, alikuwa anaosha masufuria. Aliutazama ukipita.

"Unakwenda kutoa ushahidi," alisema. "Nenda nao, Mashavu. Mti utajuaje kupiga hodi?"

Bi Mashavu akavaa buibui lake, akaufuata. Alikuwa amesikia kwamba mfanyakazi akifa kazini, sheria humtaka mwenye kazi awalipe wazee wake fidia. Naye alikuwa na mtoto mwengine wa kiume, Silima, anayejifunza ushoni kwa fundi cherehani huko mjini, na Usi ndiye aliyekuwa akimlisha. Fidia ikipatikana, Silima atabaki na sindano yake. Isipopatikana, atapanda mikarafuu mahali pa kakaake. Matar alikuwa ameshamwekea nafasi, kwa huruma. Bi Mashavu hakutaka mali ya mtu. Alitaka mtoto aliyebaki asiondoke chini.

Mnazi ulikwenda kwa mwendo wa mtu mzima. Njiani ulisimama kando kupisha gari la ng'ombe. Kwenye mitaa ya Ng'ambo watoto waliufuata mpaka wakachoka. Darajani askari aliunyooshea mkono usubiri baiskeli zipite, ukasubiri. Vichochoro vya Mji Mkongwe haukuviweza, ikabidi uzunguke kwa njia ya pwani, na hata huko makuti yake yaliburura vitambaa vilivyotundikwa mlangoni mwa duka la Ratilal.

"Mama, mti wako unaniangushia bidhaa," Ratilal alisema.

"Uwie radhi, Bwana Ratilal. Ndiyo mara yake ya kwanza kuja mjini."

"Basi upite, upite. Lakini hayo madafu yafunge. Hapa pana vichwa vya watu." Akampa kipande cha kamba.

Afisi ya fidia ilikuwa ghorofani. Mnazi ukasimama kiwanjani, kichwa chake sawasawa na dirisha la karani. Karani, Bwana Pirbhai, akafungua dirisha, akasogeza kidau cha wino ili makuti yasikipige, akamngoja Bi Mashavu amalize ngazi.

"Karibu, mama, kaa kitako. Pole kwa msiba."

"Nshapoa."

"Marehemu kaajiriwa kazi gani?"

"Kuchuma karafuu."

"Na huu uliokuja nao?"

"Mnazi."

"Ndiyo shida ya mwanzo hiyo," alisema Pirbhai, wala si kwa ubaya. "Lakini kama nokoa kamlazimisha, mambo yatakuwa vyengine. Alilazimishwa?"

"Muulize aliyekuwapo," akasema Bi Mashavu, akaonesha dirishani.

Pirbhai alinyoosha mkono nje akaugonga mnazi kwa vidole, kama mtu anayegonga mlango wa watu. Ndani ya shina ikatoka sauti ya Matar: "Usi!" Na baada yake sauti ya Usi, changa na safi: "Naam!" Kisha Matar tena: "Mwanangu, hebu tuangulie dafu." Kisha zikasikika nyayo zikipanda, moja baada ya moja. Pirbhai akauwekea mnazi kiganja, nyayo zikanyamaza kabla hazijafika juu.

"Ningependa kusikia tena, mama, ule mwanzo tu. Kama hutaumia."

"Gonga."

Bi Mashavu alisogeza kiti karibu na dirisha. Pirbhai akagonga, wakasikiliza wote wawili. Mwanamke akataka mara ya tatu, karani akamgongea.

"Nokoa hakufoka," Pirbhai alisema hatimaye. "Kamwita 'mwanangu'. Na kijana hakukataa, hakunung'unika. Kaitika vizuri kabisa."

"Ataachaje kuitika? Kaitwa na mtu mzima."

"Angeweza kusema hapana."

"Kumwambia mtu mzima?"

"Sheria haimjui mtu mzima, mama. Inajua amri na inajua hisani. Hii ilikuwa hisani. Marehemu kaacha kazi yake kwa ridhaa yake, kaenda kumfanyia hisani mtu anayemheshimu. Kafa nje ya kazi."

Bi Mashavu aliugeukia mnazi. "Na angekuwa mtovu wa adabu?"

Pirbhai alilifikiri swali lile kwa haki. "Angegoma, akatishwa, ndipo akapanda, hapo ningekuwa na la kuandika."

Ushahidi wa mnazi ulipokewa na kusadikiwa wote, hakuna neno lililotiliwa shaka. Madai yakakataliwa kwa ushahidi huo huo. Mwenye kijana aliyefunzwa vyema na ajue kwamba ndivyo ilivyoamuliwa.

Mnazi haukurudi shamba. Hakuna aliyeuambia urudi. Ulitia mizizi pale kiwanjani, na makarani wakawa wanaegemeza baiskeli zao shinani.

Bi Mashavu alikwenda kwa fundi. Silima alimwona mlangoni, akakunja futi yake ya kupimia nguo, akambusu fundi mkono, akamfuata mamaake bila kuuliza. Wakashika njia ya shamba.

Walipofika Welezo walikutana na kisima. Kilikuwa kinakuja mjini, kimejivuta na ukingo wake wa mawe, maji yakimwagika kila penye shimo. Kando yake alikwenda mwanamke wa makamo, miguu imejaa vumbi.

"Afisi ya fidia ndiyo huku?" aliuliza.

"Ndiyo. Shika njia ya pwani, vichochoroni hakitapita." Bi Mashavu alikitazama kisima. "Nani wako?"

"Mwanangu. Alikuwa mpishi katika nyumba moja upande wa Chwaka. Ndoo ilikatika kamba, bibi mwenye nyumba akamtuma ashuke kuiopoa."

"Watakuuliza kama alikataa. Sema alikataa."

Mwanamke alisimama, na kisima kikasimama. "Nani, wangu mimi? Tangu nimzae hajakataa kutumwa."

"Sema alikataa, ndugu yangu. Sema alitukana, sema walimsukuma."

"Niende kumsema mwanangu fidhuli mbele ya watu, naye yuko kaburini?" Akajitanda kanga vizuri. Hakukasirika. Alimwonea Bi Mashavu huruma, kama mtu aliyechanganywa na msiba.

Silima alikuwa ameshaingia majanini kupisha njia. Aliinama kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwanamke alimtazama, uso ukamlainika, akamgeukia Bi Mashavu. "Mashaallah. Na wako kalelewa."