Sala Fupi ya Mzee Micah

Kwa miaka miwili Mzee Micah alitufungia ibada kwa sala ambayo mtu angeweza kupanda ngano, akaivuna, na kukuta Amina bado iko mbali. Mimi, karani wa maziwa na mtu wa sekondari, nikaona wokovu wetu uko kwenye kalamu. Nikamwandikia padre wa Nakuru. Padre akaleta barua, ikasomwa mbele ya wote: mzee afupishe. Tukapongezana sana.

Jumapili iliyofuata, Kipketer akakosekana.

Kipketer, mkamuaji wetu, alikuwa ameenda Elburgon kwa miguu kuposa, bila karatasi ya ruhusa, na huo ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, wakati hata kuku alihitaji karatasi kuvuka barabara. Bwana Miwani, mwenye shamba, alikuwa mcha Mungu. Hakugonga kengele ya kukamua kabla ya Amina. Alisimama mlangoni mwa ghala tulimosali, kofia kifuani, na Amina ikishatoka aliita majina. Asiyeitika alifungasha sufuria siku hiyohiyo, yeye na watu wake. Watu wa Kipketer walikuwa mmoja tu: mama yake, Chepchirchir, mjane, aliyeketi mbele yangu, akigeuka kutazama nafasi tupu kwenye benchi langu.

Mzee Micah akasimama. Tukafumba macho.

"Bwana, asante kwa siku hii. Tulinde."

Nilimsikia akivuta pumzi ya Amina. Mzee alikuwa ametii barua kama mtoto aliyenuna.

"Mzee," Chepchirchir akasema, macho yamefumbwa, "na ng'ombe?"

"Ng'ombe wana nini?"

"Hawajaombewa."

"Barua imesema nifupishe, mama."

"Hiyo barua ilitokana na mjinga fulani," nikasema, na hapo sikudanganya.

Mzee akafungua jicho moja. Likapita kwenye benchi, likafika kwenye ile nafasi, likaenda kwa Chepchirchir, likafungwa.

"Basi, Bwana," akaanza upya, kwa ile sauti yetu ya zamani, "mwangalie Deizi, ambaye chuchu yake ya nyuma imeziba. Mwangalie Viktoria. Mpunguzie mateke. Wewe unajua alivyomfanya Owuor."

"Anajua," Owuor, mkamuaji mwingine, akaguna.

Bwana Miwani kusikia ng'ombe wake wakitajwa mbinguni, akainamisha kichwa zaidi. Sijawahi kufurahia sala ndefu hivyo. Mzee alipitia zizi lote, akarudi kwa ndama, akawakumbuka waliokufa. Alikuwa kwa fahali mwenye kikohozi dirisha la nyuma lilipokwaruza, benchi langu likalia, na harufu ya jasho la Elburgon ikaniketia kando.

"Amina," nikasema kwa nguvu, nikimsaidia mzee kufika.

Neema ikatolewa. Majina yakaitwa.

"Kipketer?"

"Niko."

Bwana Miwani akamtazama miguu. "Matope mpaka goti?"

"Nilikuwa napiga magoti, Bwana."

Bwana akaridhika, akamgeukia Mzee Micah. "Mzuri sana. Jumapili ingine, ng'ombe yote tena. Na farasi."

Tulipotoka, Chepchirchir akamshika mwanawe mkono. "Wamesemaje?"

"Baba wa msichana hakuwepo. Nirudi Jumapili."

Mzee Micah akaniita kando, kwa sauti ya chini.

"Karani, wewe umesoma. Farasi wako wangapi, na majina yao unayajua?"